Redio ya Noah na Marahaba ya Mama Mkwe

Gari letu, Noah, linapowashwa, mwanamke asiyeonekana husema maneno ya Kijapani kwa upole mwingi, na mama mkwe wangu, kiti cha mbele, kikapu mapajani, humjibu: "Marahaba, mwanangu." Tumeshamweleza kwamba ile ni mashine ya kulipia barabara kuu za Japani, inalalamika tu kwamba haijatiwa kadi. Mama anasema ikiwa inalalamika kwa adabu namna hiyo, naye ataijibu kwa adabu. Suala hilo tumelifunga.

Taabu ni kwamba kwa muda mrefu huyo dada wa Kijapani ndiye peke yake aliyesikika vizuri ndani ya gari. Redio yenyewe, ya kaseti na CD, yenye taa za kijani za kupendeza, ilikuwa inakoroma. Ukizungusha kitufe, namba zinapanda kutoka 76, zinafika 90, halafu zinarudi 76 na kuanza upya. Stesheni iliyosikika ilikuwa moja tu, pale karibu na 89: kwaya, mahubiri, matangazo ya vifo. Mama aliipenda. Mume wangu, ambaye ni mwananchi wa Yanga tangu utotoni na alitaka mpira, aliichukulia kama adhabu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mada ya mawimbi naifundisha kidato cha nne kila mwaka, na siku ya kwanza tu nilimwambia Baba Watoto kwamba redio hii si mbovu, ni ngeni. Wajapani walijitengea FM yao kati ya megahezi 76 na 90. Sisi Watanzania, pamoja na sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108. Redio za miaka hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zinakutana na zetu kwenye kipande kidogo tu, kuanzia 87.5 hadi 90, na ndipo ilipokaa ile kwaya ya Mama. Kuanzia mwaka 2014 Wajapani nao waliongeza masafa yao mpaka 95, lakini Noah yetu ni mkubwa wa binti yetu wa kidato cha pili. Ilitoka kiwandani kabla ya hayo.

Baba Watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema: "Mwalimu, hiyo ni ya ubaoni. Hii ni ya gereji."

Basi likaenda gereji.

Niseme kidogo kuhusu hapa petu, maana asiyepajua anaweza kudhani Karatu ni mahali pa redio kushika zenyewe. Mji wetu umekaa juu, kwenye uwanda wa baridi na udongo mwekundu, kama meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Upande wa Arusha ardhi inakatika ghafla: ukitoka Rhotia na Kilimamoja unaporomoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, ziwa Manyara likiwa chini yako. Upande wa pili ni milima ya Oldeani na Ngorongoro imesimama kama ukuta. Kusini-magharibi unashuka tena mpaka Mang'ola kwenye vitunguu na ziwa Eyasi. Kwa hiyo sisi tuko kwenye ngazi, si kwenye tambarare. Lami inayotupitia, kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, ilijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya mwanzo ya 2000. Barabara ya Mjapani, gari la Mjapani. Kilichokuwa kimegoma kuhamia Tanzania ni redio peke yake.

Fundi umeme wa magari alikuwa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa. Akamwamkia mume wangu, akaiwasha redio, akaangalia namba zinavyokwenda, hakufungua hata skrubu moja. "Mzee, hii haina ekspanda."

Baba Watoto alinitazama kwa pembe ya jicho. Nilikuwa natazama juu ya paa la gereji.

Ekspanda ni kikasha kidogo cha kushikika ndani ya kiganja. Waya wa antena unachomolewa nyuma ya redio na kuchomekwa kwenye kikasha, kisha waya wa kikasha unaingia redioni. Kikasha kina nyaya mbili nyembamba: nyekundu kwa umeme wa betri unaokuja redio ikiwashwa, nyeusi kwenye bodi ya gari. Ndani yake mna kifaa kinachotengeneza wimbi lake chenyewe. La hiki chetu ni la megahezi 14. Wimbi hilo likichanganywa na la stesheni, linazaa la tatu ambalo ni tofauti ya hayo mawili. Stesheni inayorusha kwa 98 inafika redioni ikiwa 84, na redio ya Kijapani, isiyojua kwamba inadanganywa, inaipokea kwa mikono miwili. Zipo ekspanda za tofauti nyingine, kwa hiyo jirani yako akikwambia stesheni fulani iko 82 kwenye gari lake, usishangae kwako isipokuwepo.

Jioni ile gari lilirudi nyumbani linaimba. Binti yetu alikata utepe wa karatasi, akaandika stesheni moja moja na namba yake ya uongo pembeni, akaubandika kwenye dashibodi. Watoto wakawa wanashindana kutoa 14 kabla ya gari kufika kanisani. Mtangazaji akisema, "Unatusikiliza kupitia tisini na sita nukta tano," kiti cha nyuma kinapiga kelele: "Themanini na mbili nukta tano!" Kama mwalimu nilifurahi. Hesabu ya kutoa ilikuwa haijawahi kupendwa hivyo nyumbani kwetu.

Mama mkwe ndiye aliyekaa kimya. Alisubiri mpaka kelele ziishe, akauliza: "Na ile ya kwaya iko wapi?"

Hapo ndipo hesabu ilipotugeukia. Toa 14 kwenye 89, unabaki na 75, na redio yetu inaanzia 76. Kikasha kilichotuletea stesheni zote za katikati kilikuwa kimemzikia Mama stesheni yake ya pekee. Na kwa upande wa juu, toa 14 kwenye chochote kilicho zaidi ya 104, unapata namba iliyopita 90, ambayo redio haina. Stesheni aliyoipenda Baba Watoto kwa mpira ilikuwa huko juu. Yaani tumetoa fedha, tumepata stesheni nyingi, na watu wawili waliokuwa na hamu zaidi, mama na mwanawe, kila mmoja amekosa ya kwake.

Mama hakugomba. Alisema tu kwamba gari hilo limekuwa na makelele, na Jumapili iliyofuata akaenda ibada ya kwanza kwa miguu, akiwa amevaa viatu vya kumuuma, akapita mbele ya kila nyumba ya jirani polepole. Anayewajua wazee wa hapa ataelewa uzito wa hotuba hiyo.

Wakati huohuo ukajitokeza ugonjwa wa pili. Mjini redio ilikuwa safi. Ukipita Njiapanda kuelekea Mang'ola, ambako Baba Watoto ana shamba la vitunguu, inaanza kukwaruza, na baada ya kona chache imekufa. Magari mengine kwenye njia hiyohiyo yalikuwa yanasikiliza vizuri, tena kwa sauti ya kututangazia.

Mama alikuwa na tiba yake. Zamani, alisema, marehemu baba mkwe alikuwa na redio kubwa ya mbao, na waya wake ulitoka dirishani, ukavuka ua, ukafungwa juu ya mti. Redio Tanzania Dar es Salaam waliipata bila shida. Mwaka 1978, wakati wa vita ya Kagera, kijiji kizima kilikuwa kinajaa uani kusikiliza taarifa ya habari, na usiku ndipo ilipokuwa inashika vizuri zaidi. "Fungeni waya mrefu," alisema. "Nyie watoto mnafunga vijikasha."

Na Mama alikuwa sahihi kwa redio ile. RTD ya enzi zake ilikuja kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Wimbi la masafa ya kati lina urefu wa meta mamia, hivyo kadiri waya ulivyo mrefu ndivyo unavyokusanya zaidi. Na usiku tabaka la juu la anga hulirudisha chini kutoka mbali, ndiyo maana hata leo ukibonyeza AM kwenye Noah yetu saa nne usiku utasikia Kiarabu na lugha nyingine ambazo mchana hazipo. FM haina safari hiyo. Inakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na penye mlima inaacha kivuli. Wimbi lake ni la meta tatu hivi, na antena inayolifaa ni robo yake: sentimita 75, basi. Ukiongeza waya mpaka kwenye mti hupati zaidi, unampa kuku mahali pa kulala.

Nilianza kuyaeleza haya mezani. Baba Watoto akasema ananunua busta.

Busta aliinunua Arusha, duka sitalitaja. Ni kikuza mawimbi kinachokaa kwenye waya wa antena, na mwuzaji alimwapia kwamba kwa hiyo atashika hata Mwanza. Kilichokuja ni kelele. Busta haichagui: inakuza wimbi na inakuza mkwaruzo ulioandamana nalo, vyote kwa haki sawa. Barabara ya Mang'ola mkwaruzo ukawa mkubwa kuliko kabla, na mjini, karibu na minara, stesheni moja yenye nguvu ikatapakaa kila mahali: uende 80, ipo, uende 85, ipo, uende 88, yupo yuleyule mtangazaji anacheka. Busta ikatolewa ikawekwa kwenye droo ya vijiko, na imo mpaka leo.

Akaja shemeji yangu. Huyu ni dereva wa watalii, anashinda kwenye kreta ya Ngorongoro, na kwenye Land Cruiser ya kampuni ana redio koo ambayo kwayo madereva wanaambiana faru ameonekana wapi. Kwa kazi hiyo anajiona mtaalamu wa mawasiliano. "Kaka, tatizo ni antena," alisema, na mpaka hapo alikuwa na akili. Kisha akatoa kwenye begi antena kuukuu ya redio koo, fimbo nyeusi yenye kitako cha chuma, wakaifunga kwenye boneti ya Noah kwa skrubu za bati.

Antena ya redio koo imekatwa kwa masafa ya juu kuliko FM ya matangazo, kwa hiyo urefu wake haukuwa wa kazi yetu. Lakini sura ilikuwa ya kazi. Kwenye mnada majirani walikuwa wanauliza kama tumeanza kubeba Wazungu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anaongea na kopo la siagi njia nzima, "Shemeji, shemeji, simba wawili, ng'ambo." Redio ikabaki ilivyokuwa.

Nilisubiri Jumamosi mume wangu amekwenda Mang'ola na lori la vitunguu, nikaazima mita ya maabara kwa kuandika jina langu kwenye daftari la vifaa kama mwanafunzi yeyote, nikamwita binti yangu ashike tochi. Mama alileta kigoda chake akakaa mlangoni mwa gari, kusimamia.

Antena ya kiwandani ya Noah hii ni ya kuvuta, imelala ndani ya nguzo ya kioo cha mbele. Tulipoivuta ilitoka nusu. Vipande viwili vya juu vilikuwa vimekwama kwa vumbi jekundu lililoshikana na mafuta mpaka kuwa saruji. Kwa hiyo tangu gari lije, redio ilikuwa inasikiliza kwa kisiki. Tukaisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa, kidogo kidogo, huku Mama akituonya tusiikunje, mpaka ikaja yote.

Kisha mita. Kazi ni rahisi, na mtu yeyote mwenye mita ya bei ya chini anaweza kuifanya. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Gusa ncha ya antena nje kwa waya mmoja wa mita, na ule msumari wa katikati ya plagi kwa mwingine: mita isome karibu na sifuri. Yetu ilisoma vizuri. Halafu gusa msumari na ganda la nje la plagi: hapo pasiwe na njia kabisa, vinginevyo wimbi linamwagika kabla ya kufika. Hapo pia tulikuwa salama. Mwisho, ganda la plagi na chuma cha bodi: isome karibu na sifuri tena. Na hapo mita ikayumba, ikapanda, ikashuka, ikatulia kwenye namba ambayo haina maana yoyote. Binti yangu akagonga nguzo kwa kidole, namba ikaruka.

Tukafungua kitako cha antena. Waya wa antena una nyuzi mbili za kazi: wa katikati unaobeba wimbi, na wavu wa shaba unaouzunguka, ambao lazima ushike bodi ya gari. Ule wavu ulikuwa umekuwa wa kijani na unga mweupe, na pale ulipobanwa kwenye bodi palikuwa na kutu juu ya rangi. Barabara ya Mang'ola inatikisa, mshiko unaachia na kushika, kuachia na kushika. Nusu ya pili ya antena ya gari lolote ni bodi yenyewe. Ikikosa mshiko, hata ukiweka fimbo ya dhahabu juu, umeweka nusu antena.

Dawa ilikuwa msasa. Nilikwangua rangi na kutu mpaka bati likang'aa eneo la ukubwa wa shilingi mia, nikakata sehemu ya wavu iliyooza, nikailehemu kwa chuma cha kulehemu cha shule, nikafunga skrubu mpya na kupaka grisi juu ili unyevu usirudi. Mama akauliza gharama. Nikamwambia msasa kipande na skrubu moja. Akatazama zile skrubu za bati kwenye boneti, na tundu zake ambazo sasa zinaingiza maji, akatikisa kichwa kwa niaba ya ukoo mzima.

Baba Watoto aliporudi nilimwachia agundue mwenyewe. Safari iliyofuata alipita Njiapanda, akapita kona zile, redio inaongea. Aliporudi akasema ekspanda imeanza kuzoea hali ya hewa ya huku.

Lakini kulikuwa na mluzi. Gari likisimama, injini imezimwa, redio safi. Likitembea, kuna mluzi mwembamba na mvumo juu ya kila stesheni, hasa zile za mbali. Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta unatoka kwenye alteneta, huo unajulikana. Huu wetu haukupanda wala kushuka. Ulikuwa unakuja na kuondoka kwa ratiba zake, na mume wangu alishaanza kulitaja tena duka la Arusha.

Nilitumia njia ambayo haiuzwi dukani: kuzima kitu kimoja kwa wakati mmoja. Feni ya ndani, zima, mluzi upo. Taa, zima; upo. Kisha nikachomoa chaja ya simu ya binti yangu kwenye tundu la sigara, na sauti ya stesheni ikatokea kana kwamba mtu amefungua mlango. Chaja hizi ndogo za bei rahisi hushusha umeme wa betri, volti 12, kuwa wa simu, volti 5, kwa kuuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na zisipokuwa na kinga ndani zinarusha takataka kwenye masafa yote ya FM. Shahidi muhimu wa kesi alikuwa amekaa kiti cha nyuma muda wote na waya mkononi. Alijitetea kwamba simu yake ilikuwa asilimia nne. Tangu hapo nyumbani kwetu simu zinachajiwa usiku.

Mtihani wa kweli ulikuwa safari ya Endulen, kupitia Ngorongoro. Wifi yangu ni muuguzi huko, alikuwa na ubarikio wa mwanawe, tukaondoka Jumamosi sote, Mama kiti cha mbele. Safari hii alikuja na silaha: redio yake ndogo ya betri mbili, betri zenyewe amezianika juani tangu asubuhi juu ya bati la banda la mbuzi. Redio hiyo inaanzia 87.5 kwa haki yake ya kuzaliwa, na kwaya yake imo. Ndani ya gari la bati iliguna tu, maana mabati yanazuia mawimbi. Akateremsha kioo, akatoa antena yake nje, na kwaya ikaja na baridi yote ya Ngorongoro. Ikabidi tuvae makoti. Mume wangu naye alikuwa na mechi kwenye redio ya gari, kwa stesheni nyingine. Kwa hiyo tukapita lango la Lodoare na redio mbili.

Kutoka langoni barabara inapanda ndani ya msitu wenye ukungu mpaka ukingo wa kreta, zaidi ya meta 2,200. Kadiri tulivyopanda ndivyo redio zilivyozidi kupata nguvu, kwa sababu ukingo ule unaona mbali. Unaona mno, nadiriki kusema. Stesheni mbili za mikoa tofauti zinaweza kupewa masafa yaleyale bila kuumizana, kwa kuwa ardhi na milima vinazitenganisha. Ukikaa juu ya ukuta wenyewe, unazipata zote mbili. Na FM haina desturi ya kuchanganya sauti: inamchukua mwenye nguvu na kumnyamazisha mwingine kabisa. Kona hii mwenye nguvu ni huyu, kona ijayo ni yule.

"Anaingia kwenye boksi, anampiga chenga beki wa kwanza, anam—"

"—samehe yeye aliyekukosea, ndugu yangu, leo hii."

Kona.

"—refa amekataa! Refa amekataa, na mashabiki—"

"—wamepiga magoti wote, wakalia."

Mama alizima redio yake ili asikilize hii vizuri. Alisema hajawahi kusikia mchungaji anayezungumzia mpira kwa uchungu namna ile, na kwamba refa huyo ana hali mbaya kiroho. Watoto walikuwa wamelala juu ya viti kwa kicheko. Baba Watoto alipunguza mwendo mpaka tukawa tunatembea, anatafuta kona ya Yanga. Ukiwa nyuma yetu ungedhani tumeona chui. Alipoipata, akaegesha kwenye kituo cha kutazamia kreta, pale ambapo watu wanatoka nchi za mbali kuja kupiga picha. Chini yetu palikuwa na shimo la meta 600, ukungu umeachia, ziwa linang'aa, nyati wanaonekana kama madoa. Mume wangu alikuwa amefumba macho, sikio kwenye spika.

Zilibaki dakika chache mpira uishe, tukaanza kushuka upande wa Endulen. Mlima ukapita katikati yetu na minara yote, na redio ikanyamaza. Si kukwaruza, si kufifia: ikanyamaza. Alivuta antena, akairudisha, akaivuta. Akagonga dashibodi. Akaniangalia kwa sura ambayo wanafunzi wangu huwa nayo dakika tano kabla ya mtihani kukusanywa.

"Mwalimu," akasema. "Hii nayo ni ya msasa?"

Nikamwambia hii ni ya mlima. Matokeo aliyapata jioni kwa ujumbe wa shemeji, ambaye ni shabiki wa Simba, na lugha aliyotumia haifai kuandikwa hapa.

Leo redio ya Noah inashika vizuri Karatu mjini, Rhotia, Kilimamoja, na njia ya Mang'ola kwa sehemu kubwa. Stesheni ya mpira iliyo juu ya 104 bado hatunayo, na hatutakuwa nayo mpaka redio ya Kijapani itolewe na kuwekwa inayofika 108. Mama anapinga kwa sababu anaogopa dada wa Kijapani ataondoka nayo. Endulen haishiki, na hakuna fundi atakayeishikisha.

Nawe uliyenunua gari la Kijapani la zamani: kabla ya kwenda dukani, angalia namba zinaishia wapi. Zikiishia 90, dai ekspanda, na uulize kwanza inapunguza ngapi na stesheni zako ziko wapi. Zikifika 108 na bado inakoroma, vuta antena mpaka mwisho, kwangua kutu kwenye kitako chake, ndipo uzungumze na mtu wa busta. Na chaja ya simu ichomoe leo hii. Hiyo haigharimu hata senti.